Pikapu isiyo na chesisi haikatiki katikati

"Hiyo haina chesisi, itakatika katikati." Nimechoka kulisikia hili gereji kila inapotajwa pikapu isiyo na chesisi, yaani ile fremu ya chuma ya chini. Safari hii limetoka kwa baba mmoja wa Njiro, mwenye watoto watatu, ambaye mzigo wake mzito wa mwaka ni hema, maji na mkaa wa kwenda Ziwa Chala. Kila mtu amemshauri achukue dabo kabini ya tani moja.

Tuanze na springi za nyuma. Hilux na dabo kabini wenzake wamewekewa vyuma bapa vilivyopangana ili vibebe tani. Ukivipa kilo 150, havishtuki. Kwenye lami ya Moshi utavumilia. Ingia vumbi la Engaruka kwenda Natron, pale njia ilipojikunja kama bati: mkia unaruka, tairi linaachia ardhi, gari linaanza kwenda ubavu, na watoto wa kiti cha nyuma wanatapika. Wengine hutupia mifuko ya mchanga nyuma ili gari litulie. Jamani, unachoma mafuta kubeba mchanga!

Pikapu zisizo na chesisi, yaani Honda Ridgeline, iliyoingia sokoni 2005, na Ford Maverick na Hyundai Santa Cruz za 2021, zimejengwa kama gari dogo: kiunzi na bodi vimechomelewa kuwa kitu kimoja, nguvu imesambazwa sakafuni na kwenye kuta. Kwa Ridgeline kila tairi la nyuma linajitegemea. Chini ya sakafu ya kubebea mizigo kuna buti la kufungwa kwa ufunguo, lina hadi kizibo cha kutolea maji. Weka barafu na samaki, ukirudi osha, basi.

Sasa uzito, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Ridgeline na Maverick hubeba takriban kilo 680, na kilo hizo ni pamoja na abiria. Watu wazima watano wa kilo 75 ni 375. Umebakiwa na 305. Hata tani ya dabo kabini huhesabiwa hivyo hivyo, ila hakuna anayehesabu. Matokeo yake, chesisi mnayoisifu inapinda. Nenda kachungulie upenyo kati ya kabini na bodi la nyuma kwenye dabo kabini iliyoteswa. Ukiukuta mpana juu na mwembamba chini, chesisi imeshalala. Kinachoiua ni uzito uliotundikwa nyuma ya ekseli, madumu, tairi la akiba, baiskeli, halafu shimo moja kwa kasi.

Mabaya ya hizi zisizo na chesisi ni haya: hazina gia nzito ya kupandia, na kwenye tope la masika kule Momella kapulingi ya difu la nyuma, ile inayopeleka nguvu tairi za nyuma, ikichemka, inaachia. Hizo tatu pia usukani uko kushoto. Kulipita lori njia ya Moshi ni shughuli. Nissan NP200 ya Afrika Kusini ina usukani kulia na hubeba kilo 800, lakini viti viwili tu. Kwa familia, sahau.

Kwa anayekaa Loliondo na kula vumbi kila siku, nasita. Miguu ya nyuma inayojitegemea ina boshi nyingi, yaani vipira vya kwenye maungio, na boshi zikilegea spea ni za kuagiza nje. Huyo achukue ya chesisi, aipakie kwa hesabu.