Saratani ya mlango wa kizazi: usingoje iume

Sina maumivu, sina dalili yoyote. Nikapime nini?

Hapo ndipo ugonjwa huu unapowakuta wengi. Hauanzi kwa kuuma. Seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika kimyakimya, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka ziwe saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10. Miaka yote hiyo anakula, analala, anachapa kazi, hana habari. Damu inapoanza kutoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi mbili, au baada ya hedhi kukoma kabisa, mara nyingi ugonjwa umeshakomaa. (Ukiiona damu ya namna hiyo, nenda hospitali mara moja, usingoje siku ya uchunguzi.)

Mwaka 2022 pekee, wanawake wapatao 350,000 duniani walikufa kwa saratani hii. Chanzo chake tunakijua na kinga yake ipo. Ndiyo maana kila kifo kinaniuma.

Inaletwa na nini?

Karibu kila mara ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na kwa kugusana ngozi za sehemu za siri. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi. Aina za virusi hivi ni nyingi, ila ya 16 na ya 18 peke yake husababisha karibu asilimia 70 ya saratani hizi. Wengi wetu tukivipata, mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vya kuhofiwa ni vile vinavyong'ang'ania.

Uchunguzi ukoje? Unauma?

Nakueleza hatua kwa hatua, maana woga mwingi hutokana na kutojua. Kwa kipimo cha siki, unavua nguo ya ndani, unalala chali, unakunja magoti, unafunikwa shuka. Muuguzi anaingiza taratibu kifaa cha kupanulia uke. Utahisi ubaridi na kubanwa kidogo. Ukikaza mapaja kinasumbua zaidi, kwa hiyo pumua polepole, na ukiumia mwambie asimame, ni haki yako. Kisha anachukua pamba iliyochovywa kwenye siki iliyozimuliwa, anapaka mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja. Penye afya hubaki na rangi ya waridi. Penye seli zilizobadilika hugeuka peupe.

Doa jeupe si hukumu ya saratani. Mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto, dakika chache tu, na unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Kipo pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, na hicho ndicho Shirika la Afya Duniani linachokipendekeza zaidi. Uzuri wake, majimaji ya ukeni unaweza kujichukulia mwenyewe, faraghani, kwa kijiti maalumu.

Nianze lini?

Ukifika miaka 30, kisha kila baada ya miaka 5 hadi 10 kwa kipimo cha virusi. Kwa kipimo cha siki, kila baada ya miaka 3. Ukiwa unaishi na VVU anza ukiwa na miaka 25 na urudi mapema zaidi, maana hatari yako ni kama mara sita ya mwenzio asiye na VVU.

Binti yangu ana miaka 9. Chanjo ya nini mapema hivi? Na je, haitamfanya tasa?

Chanjo ya HPV huzuia, haitibu. Ndiyo maana hutolewa kati ya miaka 9 na 14, kabla mtoto hajakutana na virusi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja kwa umri huo. Mwenye VVU huhitaji zaidi.

Kuhusu utasa, mama, hofu yako naielewa. Lakini ndani ya chanjo hamna virusi hai. Mna maganda ya protini yanayofanana na virusi, matupu, yasiyoweza kuzaliana wala kuambukiza. Imetumika tangu 2006. Mkono utamuuma, huenda akapata homa kidogo. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, kwa sababu ikikomaa tiba yake mara nyingi ni kutoa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi.

Nilishachanjwa. Bado nipime?

Ndiyo. Chanjo haikingi aina zote.

Nimekutwa na HPV. Ina maana mume wangu ametoka nje ya ndoa?

Kipimo hakiwezi kusema hivyo. Virusi hivi huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonekana, na huenda vilikuwepo kwako au kwake kabla hamjajuana. Nakusihi usiivunje nyumba kwa jibu la maabara. Kabla hujatoka chumbani kwa muuguzi, muulize: narudi tarehe ngapi, na nikirudi nitaangaliwa nini?