Je, galaksi haibadiliki?

Wengi huamini kwamba galaksi haiwezi kubadilika ndani ya umri wa binadamu: ni kubwa mno, iko mbali mno, hivyo picha ya leo na ya miaka kumi ijayo zitafanana. Imani hiyo ina mantiki. Umbo zima la galaksi huchukua mamilioni ya miaka kugeuka.

Ila si kila sehemu yake. M87, galaksi iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 55, ina shimo jeusi kubwa katikati, na kutoka hapo hufyatuka mkondo wa chembe zenye kasi inayokaribia ya nuru. Darubini ya angani ya Hubble imeupiga picha mkondo huo kwa miaka mingi. Fundo lake moja (sehemu inayong'aa zaidi ndani ya mkondo), liitwalo HST-1, lilizidi kung'aa hadi takriban mara 90 kufikia 2005, likakipita kiini chenyewe cha galaksi kwa mwanga, kisha likafifia. (Tukio lenyewe ni la kale, bila shaka, nuru yake ndiyo imetufikia juzi.)

Picha za Hubble zinapatikana bure mtandaoni. Ukitaka kujionea mabadiliko, chukua mbili za mkondo huo za tarehe tofauti, ila hakikisha zimepigwa kwa kichujio kilekile na zina vipimo sawa. Rangi huongezwa baadaye, kwa hiyo tofauti ya rangi pekee haithibitishi kitu. Kisha pima umbali wa mafundo kutoka kwenye kiini, uone kama yamesogea. Kwa darubini ndogo ya nyumbani utaiona M87 kama doa hafifu tu katika kundinyota la Mashuke (Virgo).