Kuhama Windows: kinachoogopwa na kinachokwamisha kweli

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na swali la kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure, likatoka kwa mafundi likawafikia mwalimu, karani na mwenye duka la steshenari. Majibu wanayopewa yametiwa chumvi pande zote mbili, ya wanaotisha na ya wanaosifia.

"Windows 10 imekufa, nunua kompyuta mpya." Haijafa. Itawaka, itafungua Word, itachapa. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba mianya, ingawa watumiaji binafsi waliwekewa mpango wa nyongeza hadi Oktoba 2026. Tatizo ni kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu ya mtumba ya kizazi cha sita ni nzima kabisa, ila hairuhusiwi rasmi. Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, inaipokea vizuri, hasa ikiwa na RAM ya GB 4 au zaidi.

"Linux ni ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi." Hiyo ni habari ya zamani. Mint ina menyu kushoto chini na saa kulia. Programu unazipata kwa kubofya. Aliyezoea Windows 7 atajiona yuko nyumbani.

"Faili za Word hazifunguki huko." Zinafunguka, kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Kinachowaumiza watu ni fonti, na hili halisemwi vya kutosha. Calibri, iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu toleo la 2007 kabla Aptos haijashika nafasi yake, ni mali ya Microsoft, kwa hiyo haiji na Linux. Badala yake LibreOffice huweka Carlito, iliyochongwa herufi zake kwa upana uleule, na mistari inabaki mahali pake. Lakini fonti kadhaa nyingine hazina pacha wa namna hiyo. Hapo ndipo CV ya kurasa mbili inapogeuka tatu, sahihi ikabaki peke yake ukurasa wa mwisho, na mtu akaapa kwamba Linux imeharibu faili lake. Ya kusomwa tu itume kama PDF. Docx iache kwa anayetakiwa kuhariri.

Makro, yaani amri zilizopachikwa ndani ya faili, ni kisa kingine. Fomu ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inayojazwa kwenye Excel hutegemea makro kukagua hesabu na kutengeneza faili la kupakia iTax, mfumo wake wa kodi wa mtandaoni. Fomu za aina hiyo zijaribu kabla hujahama, si usiku wa siku ya mwisho. Photoshop na QuickBooks ya kusakinisha (ile ya uhasibu), hizo hazina toleo la Linux, basi. Kama mkate wako unatoka humo, baki ulipo, au weka mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Sioni aibu yoyote katika hilo.

"Printa hazikubali." Nyingi za HP hutambulika zikichomekwa tu. Nyingine zinahitaji drava, programu ya kuiendesha printa, ya kupakua kwa mtengenezaji, kwa hiyo tafuta jina kamili la modeli yako kwanza.

"Linux haipati virusi." Hapa wanaosifia wanazidisha. Chukua kirusi cha shotikati, kile kinachoficha folda zako kwenye flashi na kukuachia vishale. Ukiichomeka kwenye Linux, mara nyingi utaziona folda halisi zikiwa salama kando ya shotikati, kwa sababu Linux haifuati alama ya kuficha ya Windows, na programu ile ya kirusi haina pa kukimbilia. Lakini usipokifuta kirusi hicho, flashi itakipeleka kwa jirani yako mwenye Windows. Na ukurasa bandia wa benki unaiba nywila bila kujali unatumia mfumo gani.

"Ukishahama hakuna kurudi." Kwanza huhitaji hata kuhama ili uonje. Faili la Mint ni karibu GB 3, kwa hiyo andaa bando la kutosha. Liandike kwenye flashi tupu kwa programu maalumu (kunakili tu hakutoshi), washa kompyuta kwa flashi hiyo, na mfumo utaendeshwa bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa hapohapo. Kama Wi-Fi haionekani, umejua bila hasara.

Penye hatari ni wakati wa kusakinisha. Mafundi waliozoea kupiga Windows hufuta diski nzima bila kuuliza, kwa hiyo nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje wewe mwenyewe. Na kama unataka kubaki na Windows pembeni, angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, imewashwa. Kwenye laptopu nyingi mpya hujiwasha yenyewe bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya kuwaka, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi kabla fundi hajagusa chochote. Usipoupata, faili zilizomo ndani hakuna atakayezifungua.