Chuo au udalali wa nyumba? Yanayosemwa na yalivyo

Kijana akimaliza sekondari na kutangaza kwamba haendi chuo, anakwenda kuuza nyumba, ukoo mzima hugeuka bunge. Upande mmoja unaona amepotea. Upande wa pili una jamaa wa kumtolea mfano, aliyeuza jumba moja akanunua gari. Mara nyingi wote wanabishania kazi ambayo hawajawahi kuiona kwa karibu.

“Kuuza nyumba hakuhitaji shule, kunahitaji mdomo”

Inategemea uko wapi. Uingereza hakuna leseni ya udalali wa nyumba. Sheria yao ya mwaka 1979 inasimamia mwenendo wa madalali, haiwapi mtihani. Marekani mambo ni tofauti, kwani bila leseni ya jimbo huruhusiwi kupokea kamisheni. Texas inadai saa 180 za masomo kabla ya kukaa kwenye mtihani, Florida saa 63. Hakuna jimbo linalodai shahada kwa leseni ya kuanzia. Lakini hizo saa utazitumia kusoma mikataba, rehani na sheria zinazokataza kubagua wateja, kwa hiyo anayekimbilia udalali kwa sababu amechoka vitabu atavikuta vinamsubiri huko huko. Na huo mdomo unasifiwa kupita kiasi. Dalali anayeuza zaidi huwa ni yule anayejua kunyamaza mteja anapoongea.

“Kamisheni moja unakula mwaka mzima”

Hapa ndipo wengi wanapoponzeka, basi tupige hesabu. Chukua nyumba ya dola 300,000 na kamisheni ya asilimia 5. Hizo ni dola 15,000, na msimuliaji huishia hapo. Desturi ya Marekani imekuwa kuzigawa kati ya ofisi ya upande wa muuzaji na ya upande wa mnunuzi, kwa hiyo zinabaki 7,500. Dalali mpya hafanyi kazi peke yake. Yuko chini ya wakala mwenye leseni ya juu, naye ana fungu lake. Tuseme ni asilimia 40. Umebaki na 4,500. Toa mafuta ya gari, picha, matangazo na ada za uanachama. Kisha toa kodi, maana sheria ya kodi ya huko humhesabu dalali wa aina hii kuwa amejiajiri: hana likizo ya kulipwa, na bima ya afya anajitafutia mwenyewe.

Hata huo mgawanyo haujileti tena. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, kufuatia suluhu ya kesi dhidi ya chama cha kitaifa cha madalali, mnunuzi hutakiwa kusaini makubaliano ya malipo na dalali wake kabla ya kutembezwa kwenye nyumba. Yaani kijana wa miaka 19 anapaswa kumweleza mtu mzima kwa nini alipwe, na hata mlango hajamfungulia.

Na pesa yenyewe haina haraka. Mteja anakuja jioni akitoka kazini, amemleta mama yake, wanapima jiko kwa hatua na kufungua kila kabati. Wanarudi mara ya pili, mara ya tatu. Hatimaye wanatoa ofa, inakubaliwa. Mkaguzi anaingia, anakuta unyevu ukutani nyuma ya kabati la nguo. Muuzaji anagoma kupunguza bei, mnunuzi anajitoa. Kazi ya wiki nyingi, malipo sifuri. Hata mambo yakienda sawa, mnunuzi wa mkopo humaliza mwezi au zaidi kati ya ofa kukubaliwa na kukabidhiwa funguo. Kwa maoni yangu swali la kwanza halihusu kipaji: nani atakulipia chakula na kodi ya chumba kwa nusu mwaka? Kama hakuna jibu, udalali unaweza kukugharimu kuliko ada ya chuo.

“Soko la nyumba halilali”

Hulala, tena fofofo. Chama hicho hicho cha madalali cha Marekani kilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2006. Baada ya soko kuanguka, kufikia 2012 walikuwa wamebaki karibu milioni 1.

“Chuo ni karatasi tu”

Kwa dalali wa nyumba za kuishi, karibu ni kweli, na shahada isiyohusiana na ardhi, iliyosomwa kwa mkopo mzito, haitamsaidia kuuza chochote. Lakini sekta hii si udalali peke yake. Kuna uthamini, upimaji, mipango miji, mikopo ya benki, sheria ya ardhi. Huko mlango hufunguliwa na cheti. Marekani, mthamini wa daraja la juu, anayeruhusiwa kuthamini jengo la aina yoyote, lazima awe na shahada. Anayesema anapenda “mambo ya nyumba” ajiulize anapenda nini hasa: kuuza, kukadiria, kujenga au kumiliki.

“Dalali ndiye tajiri wa nyumba”

Anauza za wenzake. Tena akitaka yake, wakopeshaji wa Marekani kwa kawaida humwomba aliyejiajiri kumbukumbu za mapato za miaka 2. Anaweza kumwona mteja wake akipewa mkopo leo, yeye akaambiwa arudi.

“Ukichagua kimoja, umekiaga kingine”

Si lazima. Ofisi za usimamizi wa majengo huajiri kwa mshahara, na kushughulika na wapangaji, mafundi na mikataba ya pango kunafundisha mengi kwa muda mfupi. Wengine huchukua leseni huku wakisoma. Inawezekana, ila mteja hajui ratiba ya mitihani yako, na Jumamosi unayotaka kujisomea ndiyo siku anayotaka kuona nyumba.

Atakayeamua kuanza na udalali, kabla ya kusaini na ofisi yoyote aulize haya: mgawanyo ni asilimia ngapi, na hubadilika lini? Kuna ada ya mwezi hata nisipouza? Matangazo analipa nani? Nani atakaa nami kwenye mikataba ya kwanza? Nikihama, wateja niliowaleta wanabaki kwa nani?