Je, wajua kwa nini Ned Hanlan, mtu wa umbo dogo, aliwashinda majitu majini?

Tarehe 15 Novemba 1880, kingo za Mto Thames jijini London zilijaa watu. Edward Trickett wa Australia, bingwa wa dunia wa kupiga makasia, alikuwa na kimo cha mita 1.93 hivi. Mpinzani wake, Ned Hanlan wa Toronto, Kanada, alikuwa mfupi na uzito wake ulikuwa karibu kilo 70 tu. Kutoka Putney hadi Mortlake, mwendo wa karibu kilomita 7, Hanlan alimwacha nyuma bingwa huyo na kutwaa taji lake.

Nguvu hizo alizipata wapi? Miguuni.

Zamani kiti cha mashua ya mbio kilikuwa ubao usiosogea. Mpiga makasia hukaa akiupa mgongo upande anaokwenda, nyayo zimefungwa kwenye kiegemeo, na wakati huo alivuta kwa kiuno, mgongo na mikono. Mapaja, yenye misuli minene kuliko yote mwilini, yalikaa karibu bure. Wapo waliopaka mafuta suruali zao ili angalau wateleze kidogo juu ya ubao! Kisha, katika miaka ya 1870, kiti kinachoteleza kikaenea mbioni. Wengi walikipokea kiti kipya lakini wakaendelea kuvuta kwa mtindo wa zamani. Hanlan alijikunja mpaka magoti yakakaribia kifua, akatia makasia majini, akasukuma kwa miguu huku mgongo ukifunguka na mikono ikimalizia, yote katika mvuto mmoja mrefu. Kwangu mimi, hapo ndipo ubingwa wake ulipo: alikielewa kifaa ambacho wenzake nao walikuwa nacho.

Taji alilishika hadi 1884, aliposhindwa na William Beach, mhunzi wa Australia, katika Mto Parramatta. Walikutana tena, na Beach akashinda tena.

Mwaka 1897 Hanlan akawa kocha mkuu wa kwanza wa makasia wa Chuo Kikuu cha Toronto, na mwaka 1900 akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kazi hiyo ni ngumu kwa namna yake. Anayepiga makasia peke yake ana makasia mawili na hamsubiri mtu. Katika mashua ya watu wanane, kila mmoja hushika kasia moja, na viti vyote vinane lazima viteleze kwa pamoja. Tena hatari haiko kwenye kuvuta tu, iko pia kwenye kurudi: mtu akirudisha kiti kwa pupa, uzito wa mwili wake huisukuma mashua kinyume cha mwendo, nayo hupungua kasi papo hapo. Ndiyo maana kocha hukazana kuwaambia vijana wavute kwa nguvu, warudi taratibu.

Hanlan alifariki Januari 1908, akiwa na miaka 52. Sanamu yake ipo kwenye visiwa vya Toronto, mahali panapoitwa Hanlan's Point, visiwa vilevile alikokulia.