Mkate wa ufuta wa chai ya jioni: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi waliouonja Unguja wanaujua mkate wa ufuta kwa mishkaki ya Forodhani, au kwa futari. Majumbani unaliwa pia alasiri na chai ya maziwa, na hautaki zaidi ya unga wa ngano, tui, hamira, yai, chumvi, samli na ufuta. Inasikitisha kuona mtu ameacha kuupika kwa maneno tu aliyoambiwa.

"Bila oveni hauwezekani." Huu ni mkate wa jiko la mkaa. Unatandazwa kwenye kikaango cha chuma kilichokwisha kushika moto. Chini ukishashika na juu ukatoa vitundu, kikaango kinageuzwa kifudifudi, uso wa mkate ukaelekea makaa hadi upate rangi. Anayepikia gesi aumalizie chini ya grili, akiwa nayo.

"Paka mafuta usigande." Ushauri huu ndio unaoangushia mikate makaani. Kuganda ndiko kunakotakiwa, maana hakuna kingine kinachoushikilia kikaango kikiwa juu chini. Kikaango kiwe kikavu kabisa, mikono uiloweshe kwa maji ya chumvi unapotandaza. Vikaango vya kisasa visivyogandisha havifai kwa kazi hii. Ukishaiva unaung'oa taratibu kwa kisu, na hapo ndipo samli inapopakwa.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la "unga ukinata, ongeza unga". Tumezoea chapati, basi tunataka kila kinyunga kiwe kigumu cha kusukumika. Mkate wa ufuta hausukumwi. Kwa nusu kilo ya unga, tui la kiasi cha mililita 400 na yai 1 vinatoa kinyunga kinachonata na kulegea, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Badala ya kukandwa, kinapigwa: unakivuta juu kwa mkono na kukirudisha bakulini kwa nguvu, tena na tena, kama dakika 10, mpaka kivutike bila kukatika. Protini za ngano zikilowana zinaungana na kufanya gluteni, utando unaonyumbuka na kuzuia hewa inayotolewa na hamira. Maji yaliyomo nayo yanageuka mvuke kwenye moto na kuufumua mkate. Ukizidisha unga, umeviondoa vyote viwili, na utapata mkate mzito hata ungeuumua kutwa.

Tui nalo lina hadithi yake. Watu wanaamini kwamba likizidi uzito mkate utazidi ulaini. Mafuta kidogo yanalainisha kweli, lakini yakizidi yanaizunguka protini na kuizuia isishikane, na hamira inafanya kazi kwa uvivu. Tui la kwanza lichanganye na la pili. Liwe vuguvugu, maana mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na tui la kuchemka linaua hamira. Likikuunguza kidole, subiri.

Kuhusu sukari, hamira haiihitaji ili iumuke: vimeng'enya vya unga vinavunja wanga kuwa sukari ya kuitosha. Kijiko kimoja cha chai cha sukari hakidhuru, ila sukari nyingi huichelewesha. Hamira yenyewe, kijiko 1 cha chai kinatosha nusu kilo. Kwa joto la pwani, saa moja hivi kinyunga kimeshajaa.

Wako pia wanaouona ufuta kuwa ni pambo la kunyunyiza mwishoni. Karibu nusu ya uzito wa punje zake ni mafuta, na harufu yake haitoki mpaka zikaangike. Kwa hiyo unanyunyizwa kinyunga kikiwa bado kibichi juu, kabla ya kugeuza kikaango, ili makaa yaukaange papo hapo. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ufuta duniani, mwingi ukitoka Lindi na Mtwara, basi usiufanyie ubahili.

Ukibaki, usiuweke kwenye friji ukidhani utakaa laini. Baridi ya friji inaharakisha wanga kukakamaa, na mkate unakauka upesi kuliko ulioachwa mezani. Ufunge kwa kitambaa hadi asubuhi, au ugandishe kwenye friza kama ni wa siku nyingi, kisha upashe kwenye kikaango kikavu.