Je, wajua kwa nini jina linalosomeka kwenye lenzi ya kamera ya zamani mara nyingi si jina la kamera?

Anayetaka kuitambua kamera ndogo ya zamani huanza kusoma maandishi yanayoizunguka lenzi, na hapo ndipo anapopotea. Tessar ni lenzi, nayo imefungwa kwenye kamera za viwanda vingi. Compur, Prontor na Copal ni shata, yaani kifaa kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga. Jina la kamera yenyewe litafute kwenye bamba la juu au la chini. Zipo zisizo nalo kabisa.

Kisichodanganya ni dirisha la fremu, yaani uwazi wa mstatili ulio nyuma ya lenzi, filamu inapopita. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, kabla hujafungua, zungusha taratibu kitufe cha kurudishia filamu. Kikikaza, ndani mna filamu, na mwanga utaiunguza. Ndogo zaidi nyingi hazina kitufe hicho, kwa hiyo zifungue gizani upapase kwanza.

Sasa pima dirisha hilo kwa rula. Milimita 8 × 11 ni Minox, au kamera chache zinazotumia filamu yake. 10 × 14 yaelekea ni Minolta 16, Mamiya 16 au Kiev Vega, ambayo ni nakala ya Kisovieti ya Minolta. 14 × 14 ni vile vikamera vya Japani viitwavyo Hit. Vilivyoandikwa "Made in Occupied Japan" ni vya kabla ukaliaji wa Japani na majeshi ya Washirika haujaisha mwaka 1952. 13 × 17 mara nyingi ni kamera ya kaseti ya filamu iitwayo 110, iliyoletwa na Kodak mwaka 1972. 18 × 24 ni nusu fremu, yaani nusu ya ile ya kawaida ya 24 × 36, kama Olympus Pen ya 1959.

Minox zafanana mno, basi ipime kwa mkono. Za awali, zilizotengenezwa Riga, Latvia, ni za chuma cha pua na ni nzito. Za Ujerumani baada ya vita ni za alumini. Ukiona kidirisha chenye vitundu kama sega la nyuki, hiyo ni kipimamwanga cha seleniamu, na mkononi una modeli B ya 1958.

Ikiwa ni 24 × 36 na pa kuchomekea flashi pako chini ya kamera, karibu hakika ni Rollei 35, iliyotoka mwaka 1966. Yenye lenzi ya Sonnar ni modeli S au SE. Lenzi yake huingia ndani, lakini vuta kwanza wenzo wa filamu hadi shata ijikoki, yaani iwe tayari kupiga. Ukiisukuma kabla ya hapo, unavunja mitambo.